Mama Chomoa na Stoo ya Mwenyekiti

Simu ilipigwa mara moja tu, baada ya ugali wa jioni, ikasema maneno manne: "Nyumba ya Yuliana inaungua!" Kisha ikakatika. Kila Isabela alipojaribu kuipiga, ile sauti ya dada asiyechoka ilimjibu kwamba mteja hapatikani.

Yuliana alikuwa mdogo wake wa mwisho, tumbo moja, ameolewa Lukuledi, ng'ambo ya Masasi. Kutoka Mkunya, huku juu Newala, mpaka Lukuledi ni kushuka mlima, kuupita mji, na kuendelea tena. Usiku hakuna gari. Basi hapakuwa na la kufanya ila kusubiri, na kusubiri ni kazi ambayo Isabela aliizoea kuliko kulima. Alikaa juu ya kigoda, kanga mabegani, simu mapajani ameishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto.

Mumewe, Zabroni, alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa ya kijiji. Cheo hicho alikipata mwaka ule upepo ulipong'oa bati za shule, kwa sababu siku ya kuchagua viongozi ni yeye peke yake aliyekuja na suti. Usiku ule naye alifanya lile ambalo cheo kilimtaka afanye. Alivaa miwani, akafungua daftari la kamati, akaandika tarehe na kuipigia mstari.

"Mama Gift," akauliza, "ni nani hasa aliyepiga?"

"Sikumtambua. Mwanamke. Analia."

"Hakujitambulisha?"

"Baba Gift, mtu anatazama nyumba inaungua, ajitambulishe?"

"Basi hiyo bado si taarifa rasmi." Akafunga daftari. "Tusubiri taarifa rasmi."

Haikupita saa moja alikuwa anakoroma, tena rasmi.

Isabela hakufumba jicho. Aliwahesabu watoto wa Yuliana mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu vifaranga baada ya mwewe kupita, na kila alipofika kwa yule anayenyonya alipoteza hesabu akaanza upya. Mara mbili aliinuka kwenda chumbani kwa binti yake Gift, akaweka kiganja mbele ya pua yake kuhakikisha anapumua. Gift alikuwa mtoto wake pekee, wa miaka kumi na minne. Wawili waliomtangulia walilala makaburini nyuma ya kanisa, na ndiyo sababu huyu wa tatu akapewa jina la zawadi. Isabela alisali sala zote alizofundishwa kwenye kipaimara, na zilipomwishia akasali kwa Kimakonde, bila kitabu: "Nnungu wangu, chukua mabati, niachie watu."

Jogoo wa pili alipowika, simu ikaita.

"Dada, ni mimi. Tuko wazima wote. Nyumba ndiyo haipo."

Isabela alilia kwanza, akauliza baadaye. Kilichoichoma nyumba kilikuwa pasi. Yuliana alikuwa anapiga pasi joho lake la kwaya, umeme ukakatika. Akaiacha pasi pale pale juu ya joho, uso chini, plagi ikiwa ukutani, akawabeba watoto akaenda mazoezini. Walipokuwa wanaimba sauti ya tatu, umeme ukarudi, ukaikuta pasi imelala inausubiri.

"Sasa dada, ningejuaje?" Yuliana alilia. "Umeme ulikuwa haupo!"

Neno hilo lilimkaa Isabela. Alikuwa ameishia darasa la saba, na katika sayansi yote alikumbuka mchoro wa ua tu, tena bila majina ya sehemu zake. Lakini hili alilielewa bila mwalimu. Umeme uliokatika haujafa. Ni kama mgeni aliyetoka kujisaidia: atarudi, na akirudi ataendelea na kile alichokuwa anakula.

Tangu siku hiyo, umeme ukikatika Mkunya, watu wengine hutafuta tochi. Isabela alitafuta plagi za watu.

"Hodi! Pasi yenu mmeichomoa?"

"Shikamoo Mama Gift. Sisi hatuna pasi."

"Marahaba. Na redio je? Na huu waya mbona mmeupitisha chini ya mkeka? Mnalalia nyoka, hamjui?"

Alikuwa na kiganja chake tu cha kupimia. Aligusa kila plagi aliyokutana nayo kwa upole, kama mtu anayepima homa ya mtoto, na iliyokuwa na homa aliichomoa bila kuuliza ni ya nani. Alichomoa simu ya kijana iliyokuwa inachajiwa chini ya mto. Alichomoa friji ya jirani yake Esther iliyokuwa imeunganishwa pamoja na televisheni, redio na simu sita kwenye kamba moja ya ekstensheni, na samaki wa Esther wakaoza, na Esther hakumsalimia wiki nzima. Wiki ya pili Esther akanunua soketi yake mwenyewe ya friji, ila alisema ni uamuzi aliokuwa nao siku nyingi.

Kisa kilichompa jina kilitokea kwa Nurdin kinyozi. Kibanda cha Nurdin kilikuwa na ekstensheni iliyobebwa na ekstensheni iliyobebwa na ekstensheni, kama watoto wanaochuma maembe. Isabela alipita kwenda dukani, akanusa, akaingia, akagusa, akachomoa. Mashine ya kunyolea ikanyamaza katikati ya kichwa cha mwalimu mkuu.

"Mama Gift!" Nurdin akapiga kelele. "Kichwa cha watu hiki!"

"Bora nusu ya kichwa kuliko kibanda kizima. Shika hapa uone, ukiweza kuhesabu mpaka tatu."

Nurdin alishika, akahesabu mpaka mbili, akaondoa mkono. Lakini kinyozi hashindwi maneno mbele ya mteja. "Na hii nusu iliyobaki nimalizie kwa meno?"

Dakika ile ile umeme wa kijiji kizima ukakatika, usirudi hadi kesho yake jioni. Mwalimu mkuu alifundisha siku hiyo amevaa kofia ya sufu, kwenye joto, na Isabela akaitwa Mama Chomoa kuanzia Mkunya mpaka Mnyambe.

Hakukasirika. Kilichomnyima usingizi hakikuwa jina. Kilikuwa chumba kimoja, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ambacho hakuweza kuchomoa kitu chochote ndani yake kwa sababu hakuwa na ufunguo wake.

Wenye mashamba ya mikorosho huko juu wana desturi yao, nayo haijaandikwa popote. Kila nyumba ina chumba cha korosho. Mlango wake ndio mlango mzuri kuliko yote nyumbani, na ufunguo wake anao baba. Umeme ulipofika Mkunya, mafundi wakauliza kila mwenye nyumba, "Swichi kuu tuiweke wapi?" na kila mwenye nyumba akajibu, "Mahali salama, watu wasiichezee." Mahali salama kwa mkulima wa korosho ni chumba hicho tu. Ndiyo maana kwenye nyumba nyingi swichi kuu inalala na magunia.

Stoo ya Zabroni ilikuwa na mlango wa mninga na kufuli la ukubwa wa ngumi, na ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, mchana na usiku, hata kanisani, juu ya tai. Msimu wa korosho ulipoisha stoo haikukaa tupu. Ilijaa mifuko ya salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, aliyoipanga ukutani mpaka ikaigusa swichi kuu kwa chini. Mbele ya salfa ilisimama mitungi mitano myekundu ya kuzimia moto. Mitungi hiyo wafadhili waliiletea kijiji, ikakabidhiwa Kamati ya Maafa kwa picha na vigelegele, nayo Kamati ya Maafa, yaani Zabroni, ikaifungia.

Na ukutani, upande wa pili wa ile swichi, ndipo kilipokuwa kichwa cha kitanda cha Gift.

Mambo yangeweza kubaki hivyo kama Zabroni asingenunua jokofu. Jokofu lilipoingia, fyuzi ikaanza kuungua kila jioni. Inaungua, nyumba inakuwa giza, Zabroni anafungua stoo kwa hasira, anabadilisha, kesho inaungua tena. Siku moja Isabela alirudi kutoka kisimani na ndoo kichwani akakutana mlangoni na Mujibu, fundi umeme wa kijiji, ambaye ufundi aliupata kwa kumshikia tochi fundi mwingine.

"Shikamoo Mama Gift. Ugonjwa nimeutoa."

"Marahaba. Ugonjwa gani?"

"Fyuzi! Nimeitupa. Nimeweka kipande cha waya wa shaba, mnene kama kidole cha mtoto. Sasa hata radi ipite, hapakatiki!"

"Na ikitakiwa pakatike?"

Mujibu alimtazama kwa huruma. "Mama, nani anataka umeme ukatike?"

Jioni alimsubiri mumewe ashibe kwanza. Mume wa cheo haambiwi neno akiwa na njaa.

"Baba Gift, ile fyuzi ilikuwa mlinzi."

"Mlinzi gani anayezimia kila jioni?"

"Hazimii, anapiga kelele. Anasema mzigo umezidi. Mujibu amemkata ulimi."

"Wewe umeme umesomea wapi?"

"Lukuledi," akasema Isabela. "Kwa Yuliana."

Zabroni akachokoa meno. "Hiyo ilikuwa pasi. Sisi tuna jokofu."

"Basi ondoa salfa. Yule mdudu anashika moto haraka, na moshi wake unakaba koo kabla hujaona mwali. Mtoto analala pale."

"Niiweke wapi, iibiwe?"

"Na mitungi ya kijiji je? Ingetundikwa ofisini, shuleni, watu waione."

"Mitungi ile ni dhamana, Mama Gift. Wafadhili wakirudi waikute mipya."

"Na moto ukija?"

"Mnaniita, nakuja, nafungua."

"Ukiwa umeshuka Masasi?"

"Moto nao una adabu zake," akasema Zabroni. "Haujawahi kuja nikiwa sipo."

Isabela alihamisha kitanda cha Gift mpaka ukuta wa pili. Chumba chenyewe kilikuwa na upana wa kitanda na ndoo, kwa hiyo safari yote ilikuwa shubiri nne. Akaona hapo hajafanya kitu. Ndipo akakumbuka kwamba ufunguo wa stoo ni wa baba, lakini kununua umeme wa luku, ule unaolipiwa kabla kwa simu, ni kazi ya mama, kama chumvi na viberiti.

Hakumwambia mtu. Alijifunza mwendo wa umeme wa nyumba ile kama anavyoujua mwendo wa unga kwenye debe: jokofu linakula kiasi gani, taa kiasi gani, televisheni ya mumewe na taarifa yake ya habari kiasi gani. Kisha akawa ananunua kwa kipimo, ili umeme uishe pale pale wanapoingia kulala. Kila usiku, baada ya dua, mita iliyoko ukutani sebuleni ilipiga kelele zake tatu, nyumba ikafa giza, waya wa Mujibu ukapoa, na Isabela akapata usingizi wa watu wenye fyuzi.

"Umeme wa siku hizi hauna nguvu," Zabroni alilalamika asubuhi, akinywa maji ya vuguvugu. "Zamani ulikuwa unadumu."

"Kila kitu kimechakachuliwa," alijibu Isabela, na kumwongezea ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye sahani.

Hapo ndipo barua ilipofika. Kijiji kitapata semina ya kuzuia moto wa umeme majumbani, atakuja ofisa wa zimamoto, Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa ajiandae. Zabroni aliisoma barua mara nne, mara mbili kwa sauti. Alinunua soksi.

Semina ilipangwa uwanjani, mbele ya ofisi ya kijiji, lakini ofisi haikuwa na umeme. Hilo halikumsumbua Mwenyekiti, kwa vile nyumba yake inatazamana na ofisi, njia tu katikati. Asubuhi alimwambia mkewe, "Leo nunua wa kutosha mpaka jioni. Usinitie aibu mbele ya wageni."

Siku hiyo Gift alikuwa ameamka na malaria. Alimeza dawa, akalala, uso kwenye ukuta. Isabela alisimama na simu mkononi, akamtazama binti, akatazama ukuta wa stoo, akasikiliza jokofu linavyonguruma na soda za wageni. Akanunua umeme wa mpaka saa sita mchana. Hotuba ya mgeni itapita, alijiambia. Ya Baba Gift watu wanaijua.

Alipotoka chumbani akamkuta Mujibu amepiga magoti sebuleni. Alikuwa anavuta waya mrefu kupitia dirishani kwenda kwenye vipaza sauti viwili vikubwa kama milango. Waya haukuwa na plagi. Mujibu aliuchubua ncha, akazipachika kwenye matundu ya soketi, halafu akazibana zisitoke kwa njiti mbili za kiberiti.

"Mujibu. Plagi iko wapi?"

"Plagi ya nini Mama Chomoa? Semina yenyewe ya saa mbili tu."

"Semina ya nini?"

"Ya kuzuia mo..." Mujibu akacheka. "Nikitoka hapo nitakuwa na cheti, mama. Utaninyamazia."

Ofisa wa zimamoto alikuwa binti mdogo aitwaye Shamila, sare imenyooshwa, ameketi meza kuu na karatasi zake. Ratiba ilisema aanze yeye. Zabroni aliiangalia ratiba akaona ina kasoro, akaanza mwenyewe. Ndani ya nyumba, soketi ya pili ilikuwa imeunganishwa birika la umeme la kuchemshia chai ya watu thelathini.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Zabroni. "Moto ni adui! Adui huyu haji na barua!"

Wananchi wakapiga makofi. Alieleza moto ulivyoanza duniani. Alieleza kamati ilivyoundwa. Alisema kila kaya iwe na ndoo ya maji ya tahadhari, na kina mama walioamka alfajiri kuyafuata maji bondeni wakatazamana. Ufunguo uliruka-ruka kifuani mwake juu ya tai kila alipoinua mkono.

Isabela alikuwa ameketi mkekani, mstari wa nyuma, karibu na njia. Pua yake ndiyo iliyosikia kwanza. Ilikuwa harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Akageuka kutazama nani anavuta sigara. Hakuna. Harufu ikaja tena, nzito zaidi, na nyuma yake ikaja ya plastiki. Akasimama. Alianza kwa kutembea, kwa sababu mke wa Mwenyekiti hakimbii wakati Mwenyekiti anahutubia. Alipofika katikati ya njia alikuwa anakimbia.

Ndani, chini ya mlango wa mninga, ulikuwa unatoka uzi mwembamba wa moshi mweupe. Alivuta pumzi moja tu, koo likamfunga kama limekabwa.

Alimbeba Gift na shuka lake, mzigo wa miaka kumi na minne, akamtoa nje na kumlaza barazani kwa Esther. Esther akaanza kuuliza, akaona uso wake, akaacha. Isabela akarudi. Alichomoa birika. Alichomoa jokofu. Akageukia ule waya wa vipaza sauti, na hapo mkono wake ukasimama hewani. Shaba ilikuwa wazi, na njiti mbili. Mama Chomoa, aliyechomoa nusu ya Mkunya, alikuwa amefika kwenye kitu kisicho na pa kushika.

Basi akaenda kuufuata ufunguo.

Alipita katikati ya wazee, akapanda jukwaani, akasimama mbele ya mumewe na kunyoosha kiganja.

"Baba Gift, ufunguo."

Kipaza sauti kilimsikia, kikaiambia Mkunya yote.

"Mama Gift," Zabroni alisema kwa tabasamu la wageni, "niko kipengele cha tatu."

"Stoo inaungua."

Kicheko kikapasuka. "Ameanza!" Nurdin alipiga kelele kutoka nyuma. "Jamani shikeni vichwa vyenu!" Mujibu naye akaongeza, "Mchomoe Mwenyekiti!"

Zabroni aliinua mkono kutuliza watu. "Kila kitu kwa utaratibu. Je, hiyo ni taarifa rasmi?"

Isabela alikishika kile kipaza sauti, akakiweka karibu na mdomo. Hakuwahi kuongea ndani yake maisha yake yote.

"Naitwa Isabela, mke wako. Nimetoka nyumbani kwako sasa hivi. Nimeona moshi chini ya mlango wako, na mtoto wako nimemtoa mwenyewe. Hiyo ndiyo rasmi."

Kicheko kilikufa kama kimemwagiwa maji. Shamila alikuwa ameshasimama, anauinulia upepo pua.

"Mzee, swichi kuu iko wapi?"

"Stoo," akasema Zabroni.

"Ile mitungi mitano ya kijiji?"

"Stoo."

"Hii harufu ni salfa. Salfa iko wapi?"

Watoto waliokaa mchangani mbele ndio waliojibu, kwa pamoja, kama darasani: "Stooo!"

"Na ufunguo?"

Kijiji kizima kilitazama shingo ya Mwenyekiti.

Zabroni akafungua mdomo kueleza, na vipaza sauti vikatoa mlio mmoja wa mbuzi, vikanyamaza. Mdomo uliendelea kufunguka na kufungwa, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mmoja tu. Isabela alitazama jua. Lilikuwa utosini.

"Umeme umekwisha, mwanangu," alimwambia Shamila. "Hakuna kinachopita tena kwenye waya. Nilinunua kidogo."

"Ulinunua kidogo?" Zabroni akauliza.

"Kidogo. Kila siku nanunua kidogo."

Shamila hakupoteza muda wa kushangaa. Alikataza watu wote kuingia, akataka mchanga mkavu kwenye ndoo, maji yabaki kwa wenye kiu. Mkunya ina shida ya maji, haina shida ya mchanga. Nurdin alikuja na ndoo mbili. Shamila alilowesha vitambaa, akajifunga kimoja puani, kingine akampa Isabela, cha tatu Zabroni.

Mlangoni, Zabroni aliuelekeza ufunguo kwenye kufuli, ukagonga pembeni. Akauelekeza tena. Kamba ya kiatu ilikuwa bado shingoni, kwa hiyo alikuwa ameinama na pua karibu na mlango kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Moshi ukamkohoza. Akajinyoosha, macho yanachuruzika machozi, akaivua ile kamba kupitia kichwani, ikaangusha miwani, akampa mkewe.

"Fungua wewe," alisema. "Mimi sioni."

Miaka kumi na minane ya ndoa, Isabela hakuwahi kuushika. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

"Kwanza mgongo wa mkono," Shamila alimwambia. "Ukiwa wa moto usifungue."

Aliuweka mgongo wa mkono kwenye mninga, juu, katikati, chini, kama anavyompima Gift homa. Mlango ulikuwa wa baridi. Akachutama pembeni, akageuza ufunguo, akasukuma.

Moshi ulitoka kwa kukurupuka, kisha ukapungua. Waya wa Mujibu ulikuwa umeikaanga swichi kuu mpaka ikadondosha plastiki nyeusi kama machozi ya mshumaa. Pembe ya mfuko mmoja wa juu ilikuwa inawaka mwali mdogo wa bluu, usiozidi kidole. Mbele yake, kwa mstari, ilisimama mitungi mitano ya kuzimia moto, imevaa nailoni zake, mipya kabisa, inatazama.

Shamila aliumwagia ule mwali ndoo ya kwanza ya mchanga. Nurdin akamwaga ya pili, akaenda kujaza nyingine.

Zabroni alipopata sauti alinyoosha mkono kupokea ufunguo wake. Isabela alikuwa ameshauvaa shingoni. Alipita katikati yao akautoa mtungi wa kwanza nje, akarudi kuchukua wa pili, na mlango akauacha wazi.